Naomba ushauri: Bon Iver wa gitaa na Bon Iver wa mashine, niwaunganisheje?

Wakuu, habari za jioni. Naandaa kipindi cha dakika 30 cha redio ya chuo kuhusu Justin Vernon, mwanamuziki Mmarekani anayejulikana kwa jina la Bon Iver, na nimekwama.

Mwanzo ni rahisi. Majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007 alijifungia kwenye kibanda cha baba yake huko Wisconsin, akatoka na albamu yake ya kwanza, For Emma, Forever Ago: gitaa, na ile sauti nyembamba ya juu aliyoirundika tabaka juu ya tabaka. Albamu ya 2011 ikaongeza ala za kupuliza na vinanda. Hadi hapo msikilizaji bado yupo nami.

Shida ni albamu ya 22, A Million ya 2016. Sauti imekatwakatwa, majina ya nyimbo yamejaa namba na alama. Nilimwekea dada yangu, shabiki wa ile ya kwanza, akauliza kama spika imeharibika!

Nimejaribu kufuata mpangilio wa miaka, kikawa kipindi cha historia. Nikaanza na 2016 kurudi nyuma, nikapotea mwenyewe.

Mimi naona hakugeuka ghafla. Wimbo wa "Woods" wa 2009 ni sauti yake tu, imepitishwa kwenye Auto-Tune, ile programu ya kurekebisha sauti ya mwimbaji hadi isikike kama ya mashine. Je, niutumie kama daraja, niuweke mwanzoni kabisa? Na maneno yake, ambayo hata wenye Kiingereza chao yanawapiga chenga, niyafafanue au niyaache yasikike kama ala tu?