Fisi wa sponji au fisi wa kompyuta? Naombeni ushauri wakuu

Kamera_Uswazi: Wakuu habari za jioni. Nina filamu fupi ya mambo ya kichawi, kuna sini bibi anatokea usiku kampanda fisi. Fundi mmoja wa Tabata anasema atanitengenezea fisi wa sponji na manyoya, shingo inageuka na taya linafunguka. Edita wangu anasema niachane nae, fisi atamweka kwa kompyuta. Advansi natakiwa nitoe Jumatatu. Kipi bora?

Dada Klapa: Mleta mada mbona unaficha? Bajeti sh ngapi? Fisi anaonekana sekunde ngapi, anatembea au kasimama tu? Bila hayo tunakupigia ramli.

Mzee wa Lokesheni: Bibi si anampanda? Basi kompyuta sahau, kitu kinachokaliwa lazima kiwepo. Jurassic Park ya 1993 yule dinosau mkubwa T. rex alikuwa mashine ya haidroliki kutoka kwa Stan Winston, fundi wa madude ya filamu Hollywood. Ila kwenye zile sini za mvua ngozi yake ya povu ilikunywa maji akawa anatetemeka mwenyewe, kazi ikawa kumkausha. Sasa wewe na sponji la Tabata masika haya...

edita_wa_usiku: Wazee mna mambo ya kale 😂 Lion King ya 2019 simba wote ni kompyuta na watu walilipa viingilio.

Dada Klapa: Kwa hela ya Disney, sawa. Kampuni iliyomtengeneza chuimilia wa Life of Pi iliomba kufilisika Februari 2013, mwezi huohuo kazi ileile ikabeba Oscar. Edita wako ana laptop moja, manyoya tu yatamlaza njaa.

Sauda_wa_Pwani: Mi nisimulie yaliyonikuta na fundi. Tulikuwa tunashuti Bagamoyo, mamba wa faiba, taya zinaendeshwa na mota za waipa za gari. Gereji alikuwa anatafuna hadi watoto wakakimbia. Tumemtia kwenye maji ya chumvi, hata kamera haijawashwa, mota kwishney, mdomo ukabaki wazi afu akaanza kulala ubavu mpaka tumbo likaangalia juu, na dada wa watu bado anapiga yowe anamkimbia mamba aliyekwisha kufa, wavuvi wote wamekaa mchangani wanacheka. Prodyuza akagoma kumalizia hela, fundi nae akamfunga mamba wake kwenye bodaboda akaondoka. Ile sini mpaka leo haipo.

Mzee wa Lokesheni: Hata Spielberg, dairekta wa hiyo Jurassic Park, yalimkuta, papa wake wa mashine wa Jaws alisumbuliwa na maji ya chumvi hivyohivyo. Ndo maana kwenye filamu papa unamngoja weee. Ushauri: onyesha macho, mgongo na mlio basi.

chuma_ulete: Tafuta ngozi halisi ya fisi ufunike hilo sponji, itatoka kweli kweli

Dada Klapa: Usimsikilize huyo. Ngozi bila kibali ni nyara za serikali, kesi ya uhujumu uchumi. Utaenda kuigiza gereza la Segerea.

Kidagaa: Handspring, kampuni ya midoli ya jukwaani ya Cape Town, walitengeneza farasi kwa fito na alumini, jukwaani London 2007, watu watatu wanamwendesha na unawaona kabisa lakini baada ya muda macho yanawasahau. Siri ni pumzi, mdoli lazima apumue.

edita_wa_usiku: Siku hizi akili mnemba inatoa fisi bure

Sauda_wa_Pwani: Fisi wa miguu mitano 😂

chuma_ulete: Afu awe dume, dume ndo kubwa la kutisha

Kidagaa: Wapi, fisi madoa jike ndo kubwa na ndo bosi wa kundi.

chuma_ulete: Umempima wewe?

Kidagaa: Nenda Harar Ethiopia, wanalishwa nyama kwa kijiti usiku, ukapime mwenyewe.

Kamera_Uswazi: Asanteni wote. Bajeti nisiitaje hapa. Fisi anaonekana kama dakika nzima, anakimbia. Fundi nae nimemuuliza, anasema atatumia mota za waipa.

Sauda_wa_Pwani: Huyo fundi ana kovu shavuni?

Mtu wa Mbagala: Mkuu, bibi wa kumpanda umeshapata? Mama mkubwa wangu anaigiza vizuri sana, nicheki inbox.