Tupeane uzoefu: Free Jazz ya Ornette Coleman, nani kafika mwisho?

Wadau habari zenu. Wiki hii nimeshinda na hii albamu nikaona niulize, nyie mliipokeaje? Kwa asiyeijua, Desemba 1960 pale New York Ornette, mpiga saksafoni wa jazz wa Marekani, alikusanya bendi mbili za watu wannewanne, moja unaisikia kushoto nyingine kulia, wakapiga kwa mkupuo mmoja kama dakika 37 bila kusimama, kampuni ya rekodi ya Atlantic wakaitoa 1961. Jarida la Down Beat likaweka wachambuzi wawili, mmoja akaipa nyota tano mwenzie hakuipa hata moja 😂 Mi niko na wa tano, wa sifuri karibuni.

—

Wa sifuri niko hapa mkuu. Sie tumekulia kwenye dansi, nikakaa nasubiri sebene, dakika ya kumi hamna, ya ishirini hamna, waifu akauliza hao jamaa wameshaanza au bado wanajaribu vyombo. Nikazima. Eric Dolphy tu namvulia kofia, ile klarineti ya besi hapana chezea.

—

Mi hedifoni ilikufa upande wa kulia ndo ikaniokoa. Nikabaki na Ornette, Don Cherry na katarumbeta kake kadogo, Scott LaFaro kwenye besi na Billy Higgins kwenye drams, basi. Ikifika zamu ya Dolphy au Freddie Hubbard wa tarumbeta, wale wa bendi ya kulia, unasikia watu wanamuitikia mtu ambaye hayupo, raha sana aisee. Nilipopata nyingine nikageuza, nikaziba la kushoto nikafuata drams za Ed Blackwell na besi ya Charlie Haden tu, halafu ndo nikafungua yote. Toka hapo yeyote anayeniambia hizi ni kelele namwambia aanze na sikio moja.

—

Mi niliinunua mtumba Berlin, nilifuata kava tu, ina dirisha limekatwa, ukifunua unakuta mchoro wa Jackson Pollock. Shida ya sahani ni katikati muziki unakatika, unanyanyuka ugeuze, mzuka wote kwishnei.

—

Kama 37 ni nyingi anzeni na First Take, dakika 17, siku ileile watu walewale, ilikuja kutoka kwenye albamu yake ya Twins mwaka 1971. Wa sebene na hiyo ikikushinda rudi zako kwa Franco, hamna atakayekulaumu.