Kati ya shimo jeusi na galaksi, kipi kilitangulia?

MwanaKihesa
Wakuu, heshima kwenu. Siku zote tunaambiwa nyota kubwa inakufa, inaacha shimo jeusi dogo, nalo linakula gesi katikati ya galaksi mpaka linakuwa jitu. Hesabu hiyo inanigomea. Mwaka 2021 ilitangazwa kwasari J0313-1806, yaani kitovu cha galaksi kinachong'aa mno kwa gesi inayoliwa na shimo: shimo lake lina uzito wa majua bilioni 1.6, na tunaliona lilivyokuwa miaka milioni 670 tu baada ya Mlipuko Mkuu. Anza na majua 100. Kufika huko lazima uzito ujizidishe mara mbili, mara 24 hivi. Shimo likila sana, mwanga wa gesi inayong'aa kwa joto mlangoni unasukuma gesi nyingine nje, kwa hiyo kila kujizidisha kunataka zaidi ya miaka milioni 30. Muda hautoshi! Mimi naamini mbegu ilikuwa kubwa tangu mwanzo, wingu zima la gesi liliporomoka moja kwa moja likawa shimo. Mnasemaje? Ila msiniletee zile picha za mashimo meusi zilizopakwa rangi.

Mwl. Chausiku
Nimekusoma vizuri mpaka hapo mwisho. "Zilizopakwa rangi" ndiyo nini? Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita, na kila mwaka kauli hii naikuta darasani. Aprili 2017 darubini nane za redio, kuanzia Hawaii hadi Hispania, zilitazama kwa pamoja zikifuata saa za atomu. Data ilizidi uwezo wa intaneti, diski zikasafirishwa kwa ndege. Za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi mpaka baridi ipungue ndege itue. Picha ya shimo la galaksi ya M87 ikatoka Aprili 2019. Jasho lote hilo wewe unaliita rangi?

Fundi_Antena
Mwalimu, M87 haichomozi kabisa Ncha ya Kusini, iko upande wa kaskazini wa anga. Usiwapotoshe watoto wa watu.

Mwl. Chausiku
Soma nilichoandika, Fundi. Nimesema diski, sijasema iliiona M87. Kule walitazama vyanzo vingine vya kusawazishia vipimo, na ndiyo darubini iliyosaidia kupata picha ya shimo la galaksi yetu, iliyotoka Mei 2022. Kuniambia napotosha watoto umenikosea adabu.

MwanaKihesa
Lakini mawimbi yale ni ya milimita 1.3, jicho haliyaoni. Rangi ya chungwa walichagua watu. Hapo nimesema uongo gani?

Fundi_Antena
Rangi walichagua, pete hawakuchagua. Upana wa ile pete ndio uliotupa uzito wa shimo lile, majua bilioni 6.5. Na mwalimu, hilo la watoto naliondoa, la Ncha ya Kusini nabaki nalo.

BintiMakorora
Jamani, kaka aliuliza kipi kilitangulia! Mimi siafiki mbegu kubwa peke yake. Tangu mwaka 2000 inajulikana kwamba uzito wa shimo unafuatana na kasi ya nyota za kitovu cha galaksi, nyota zilizo mbali mno kuguswa na mvutano wake. Basi viwili hivi vimelelewa pamoja. Galaksi inaleta gesi, shimo linashiba, upepo wake unaifukuza gesi ileile, na wote wawili wanakaa njaa. La kwetu, majua milioni 4, sasa hivi halipati kitu cha maana.

MwanaKihesa
Dada, hiyo ni hali ya leo, galaksi zimeshazeeka. Darubini ya anga ya Webb imeonyesha galaksi GN-z11, enzi ambazo ulimwengu haukuwa na miaka milioni 500, na tayari shimo lake linakadiriwa majua zaidi ya milioni moja. Huko malezi ya pamoja yalipata muda gani?

BintiMakorora
Hicho kikomo chako cha kula si ukuta. Gesi ikiingia kwa wingi kupitia sahani nene inayolizunguka shimo, mwanga unanaswa ndani na shimo linapitiliza kiwango. Ukikubali hilo hata kwa vipindi vifupi, mbegu ya majua 100 inafika.

MwanaKihesa
Inafika iwapo gesi haikatiki. Nyota iliyozaa mbegu ilishaifukuza gesi ya jirani kwa mwanga wake kabla haijafa. Nionyeshe hiyo gesi ilirudi lini.

Mwl. Chausiku
Kabla ya gesi, MwanaKihesa, futa lile neno la rangi kwenye mada yako. Wanafunzi wangu wanasoma humu.