Mrejesho: Tiba ya Kitao na CBT

Niliuliza kama tiba ya kisaikolojia ya Kitao (yenye misingi ya falsafa ya Utao) kutoka China ina tofauti ya kweli na CBT (tiba ya kubadili fikra na tabia). Ipo, asanteni kwa majibu.

Zote huanza kwa kuchambua msongo na imani za mtu. CBT hulipima wazo: "nikikosea kikaoni nitafukuzwa", ushahidi uko wapi? Tiba ya Kitao hailibishii wazo. Hulegeza tamaa iliyo nyuma yake. Kati ya hatua zake tano, ya nne ndiyo moyo: kanuni za herufi 32 za Kichina, kama vile kutenda bila kushindana, kujua kuridhika na wapi pa kukomea. Hapo ndipo tiba huharibika pia. Zikikaririshwa tu, mgonjwa husikia "kata tamaa". Kila kanuni ifungwe kwenye mgongano mahususi unaomsumbua mgonjwa.