Kuuza kitoto cha mbwa bila mama yake kuonekana: kupigwe marufuku au tuwaache watu watafute riziki?

Mzee wa Geti:
Wakuu habari za jioni. Naomba hili tulijadili bila matusi, najua kuna watakaosema watu hawana maji wewe unatuletea habari za mbwa, sawa, pita kimya kimya.

Hoja yangu ni moja tu. Naona ifike mahali iwe kosa mtu kuuza kitoto cha mbwa bila mnunuzi kumuona mama yake, pale pale alipozaliwa. Hakuna kukutana kituoni, hakuna kutumiwa kwa basi, hakuna dalali. Naeleza kwa nini halafu mnipinge.

Mwezi wa tano huku Goba tuliibiwa mtungi wa gesi na betri za sola, wife akasema sasa basi, mbwa aje. Nikaingia mtandaoni nikakuta ukurasa mmoja una picha kali balaa, nyasi kijani, German Shepherd kifua mbele kama mgambo. Bei laki nne na nusu, pyua, chanjo zote. Nikasema nije shamba nione, jamaa akanijibu shamba liko Arusha mkuu usijisumbue, tunatuma kwa basi kila siku, wewe rusha laki mbili na nusu ya kianzio na uweke na ya kutolea. Nikarusha. Na ya kutolea nikaweka, mjinga mimi.

Kikafika stendi ya Magufuli saa nne usiku ndani ya boksi la tambi, wametoboa matundu kwa bisibisi, chini limelowa mkojo hadi linaachia. Kimejikunja kwenye kona, tumbo limevimba kama puto na mbavu unazihesabu. Watoto wakakiita Simba hapo hapo kabla hatujatoka stendi.

Siku mbili tatu za mwanzo anacheza vizuri. Siku ya nne asubuhi hajala, jioni anatapika povu la njano, kesho yake anaharisha damu, na ile harufu ukiinusa mara moja umeijua maisha. Pavo, ule ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Daktari wa mifugo akaja akamtundikia dripu kwenye dirisha la jikoni, akamfungua mdomo akaniita nione. Akaniuliza umeambiwa ana wiki ngapi? Nikamwambia nane. Akasema mtoto wa wiki nane meno yake ya utoto yote 28 yako mdomoni, huyu magego ndo kwanza yanachungulia, hajafika hata wiki tano. Nikamletea kadi ya chanjo, muhuri upo, stika ya kichaa cha mbwa ipo. Hapo ndo akacheka ila sio cha furaha, maana ile chanjo kwa kawaida hupigwa mbwa akifika miezi mitatu, sasa huyu anayenyonya kapigwa lini? Simba akafa siku ya sita alfajiri.

Nampigia muuzaji ananiambia mkuu alitoka kwangu mzima, kaupata kwako. Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu pavo mara nyingi hukaa mwilini siku tatu mpaka saba ndo dalili zitoke, wakati mwingine hadi wiki mbili. Yani anaondoka kwao nayo, anakuja kuumwa kwako. Muuzaji siku zote yuko salama. Halafu kirusi kinabaki kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, sakafu ya simenti unapiga jiki ila uwanja wa mchanga utaupiga jiki upi? Daktari kanikataza kuleta kitoto kingine pale.

Nimekuja kuelewa hesabu zao. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, jike anaingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka, mfugaji muungwana anampumzisha, hawa wenzetu kila joto anapandishwa mpaka achakae. Vitoto vinatolewa wiki ya nne au ya tano kwa sababu mpaka hapo mama ndo analisha bure, vikianza kula uji na nyama faida inapungua. Na kwa German utapeli ni rahisi zaidi, masikio yake husimama kwenye miezi minne mitano huko, kwa hiyo wiki ya sita kila kitoto cheusi chenye kahawia miguuni ni German pyua.

Wenzetu England tangu Aprili 2020 wana sheria inaitwa Lucy's Law, imepewa jina la mbwa jike aliyeokolewa kwenye shamba la kuzalishia huko Wales, uti wa mgongo umepinda kwa kukaa kizimbani. Duka na dalali hawaruhusiwi kuuza kitoto cha chini ya miezi sita, unanunua kwa mfugaji mwenyewe ukimuona mama na wanae, au unachukua kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Chini ya wiki nane hauzwi. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ukatili ni kosa tayari, lakini ukatili ulioko nyuma ya ukuta nani atauona? Afisa mifugo wa kata ana ng'ombe na kuku wa kuhangaika nao. Anayeweza kuingia mle ndani ni mnunuzi mwenye hela mkononi, yeye ndo mkaguzi pekee tuliye naye na sasa hivi anaishia kuangalia picha kwenye simu. Naomba kuwasilisha.

Fundi Dishi:
Pole kwa Simba mkuu ila hoja yako inaumiza wasiohusika. Mimi nina majike wawili nyuma ya nyumba hapa Kigogo, wamenilipia ada ya mtoto kidato cha kwanza mpaka cha nne. Wanakula dagaa na ugali, wanalala kwenye banda lina bati. Wateja wangu wengine wako Songea, wengine Mwanza, atapanda basi siku nzima kuja kumuona mama mbwa? Ukileta sheria kitakachofuata unakijua, atakuja mtu na faili kwapani, leseni yako iko wapi, hamna leseni basi tuongee. Yule tapeli wako wa Arusha hatamkuta kwa sababu hana banda, ana simu. Atanikuta mimi.

Mzee wa Geti:
Fundi hapo kwenye faili kwapani nimekuelewa na sina jibu la kukuridhisha. Ila nikuulize, mteja wa Songea akisema nimemtuma binamu yangu anaishi Magomeni aje aone banda, utamzuia?

Fundi Dishi:
Simzuii, namkaribisha na chai.

Mama Mifugo:
Mimi ni mtaalamu wa mifugo, niseme kitu wanunuzi hamtapenda. Tapeli mnamtengeneza nyinyi. Kila wiki napigiwa simu, dada nataka papi mdogo kabisa wa mwezi mmoja ili anizoee. Kizoea gani hicho? Kati ya wiki ya tatu na ya nane mama na ndugu zake ndo wanamfundisha asing'ate kwa nguvu, ukimtoa mapema unapata mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndo anang'ata watoto wa jirani. Halafu mnataka kwa laki na nusu wakati German wa maana wazazi wake walitakiwa wapigwe eksirei ya nyonga wakiwa na kama miaka miwili, maana ile jamii nyonga zao zinalegea na ni ya kurithi. Waulize wauzaji wako wote hao wa mtandaoni swali la nyonga uone watakavyokublok.

Mfugaji wa kweli anakuhoji yeye. Una uzio? Nani anabaki nyumbani? Utamfunga mnyororo? Anakwambia subiri, jike anazaa mwezi wa tisa. Mwenye vitoto saa 24 mwaka mzima, leo German, kesho Rottweiler, kesho kutwa Chihuahua, huyo ana stoo. Na kadi usiangalie muhuri, muhuri unachongwa Kariakoo. Angalia stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, tarehe, na jina la aliyechoma, kisha mpigie huyo aliyechoma, mbele ya muuzaji.

Kwa hiyo sheria sawa, lakini mimi naanza na nyie.

Jirani wa Kiambu:
Huku kwetu Nairobi hata mtandao hauhitajiki, unakaa kwenye jam kijana anakuja dirishani ameshika mapapi wawili kifuani, wamelala fofofo mchana kweupe na jua lile. Papi mzima halali hivyo bana. Na watoto wako nyuma kwa gari wanalia mummy please, unatoa pesa. Mimi nilitoa, nikajiambia naokoa. Kumbe nilikuwa nalipia wale wa wiki inayofuata. Sasa najua ukitaka karatasi za ukoo kuna East Africa Kennel Club wanasajili, lakini pia karatasi ni ya ukoo tu, haikwambii mama yake analala wapi. Mwisho nilienda KSPCA, kile kituo cha kuokoa wanyama huko Karen, nikachukua jike mkubwa, ameshafungwa kizazi na chanjo ya rabies amepata. Si German. Hata sijui ni nini, lakini mgeni hapiti.

Mbeba Boksi Ohio:
Salamu kutoka kwenye baridi. Niwape upande wa huku maana mnadhani leseni ni dawa. Marekani mwenye majike zaidi ya manne anayeuza kwa maduka lazima awe na leseni ya serikali kuu, wizara ya kilimo. Vizuri eeh? Sasa masharti yake, kizimba kiwe na urefu wa kwenda juu unaozidi kichwa cha mbwa kwa inchi 6. Inchi sita! Kiganja changu hiki. Jike anaweza kuishi humo, sakafu ya waya, na mtu ana leseni halali kabisa anaibandika ukutani na mteja akiiona anatulia. Ndo maana California tangu 2019 wakaona bora wazuie maduka yenyewe kuuza mbwa wa kuzalishwa, New York nao wakafuata mwishoni mwa 2024. Kwa hiyo mimi naungana na Mzee wa Geti kwenye mama, leseni hapana. Ila ujue na mama anakodishwa. Uingereza hiyo hiyo unayoisifia matapeli wanakodi nyumba nzuri, wanaweka jike sebuleni, mnunuzi anamuona "mama", anaondoka kafurahi.

Mzee wa Geti:
Mama wa kukodi tena? Haya makubwa.

Mama Mifugo:
Mbona rahisi kumjua. Jike anayenyonyesha matiti yananing'inia, chuchu zimevutwa, pengine zina mikwaruzo ya kucha za wanae. Na waachie vitoto sakafuni, vitamkimbilia matitini hata kama ameanza kuwakatalia. Wa kukodi tumbo lake limebana kama la dume na vitoto vinampita kama kiti.

Bint Chumbageni:
Jamani mimi swali langu tofauti, kwa nini lazima German? Sisi Tanga mzee wetu ni Muislamu safi, mbwa haingii ndani, ila shambani ana wa kienyeji watatu tangu nimezaliwa. Hawajui eksirei wala nyonga, wanakula makombo, na mwizi wa nazi anawajua kwa majina. Mnalipa laki nne ununue picha. Wa kienyeji mpige chanjo, mfunge kizazi, basi. Hizo shamba za kuzalisha zinakufa zenyewe bila bunge kukaa.

Fundi Dishi:
Dada yangu na mimi utanifunga kizazi kibiashara hivi hivi.

Kijana wa Kibaha:
Nimesoma kimya kimya tangu jana. Mimi Jumamosi naenda kuona papi, Rottweiler, muuzaji kasema nyumbani kwake karibu na mimi. Hayo maswali nimeyaandika kwenye simu.

Mzee wa Geti:
Nenda mchana, na kianzio usitume hata mia. Ukiona kona kona ondoka.

Kijana wa Kibaha:
Wakuu nimerudi. Nimefika jamaa kanitolea vitoto vinne kwenye beseni uani, nikasema mama yuko wapi, akasema amepelekwa kwa daktari. Nikasema nitamsubiri. Akaondoka kama nusu saa nikiwa nimekalia ndoo pale, akarudi anamvuta jike kwa kamba. Nikamuinamia kuangalia, tumbo limebana, hamna kitu. Nikavitoa vitoto kwenye beseni nikaviweka chini. Kimoja kikamsogelea, jike akanguruma akamruka na kurudi kule kule getini alikotokea. Jamaa akasema ana hasira kwa sababu ya sindano.

Mama Mifugo:
Umeona sasa. Uliondoka?

Kijana wa Kibaha:
Niliondoka nikafika mpaka barabarani.

Mzee wa Geti:
Halafu?

Kijana wa Kibaha:
Msinitukane. Kile kilichomsogelea kilikuwa kinatetemeka na jua lote lile, nikajikuta nimerudi. Kanipunguzia mpaka laki moja na ishirini.

Jirani wa Kiambu:
Wueh. Nakuelewa ndugu yangu, nakuelewa sana.

Mzee wa Geti:
Leo ni siku ya ngapi yuko kwako?

Kijana wa Kibaha:
Ya tatu. Anacheza vizuri tu.