Picha ya Bibi mtoni

Kikundi cha majirani, Walukuba, Jinja. Ijumaa jioni.

[18:02] Rehema (katibu): Asalaam aleikum, na hamjambo wote. Maonyesho ni kesho kutwa ukumbini. Picha 41 zimefika mkononi, 3 bado hazina maelezo. Ambaye hajanitumia maneno ya picha yake anitumie leo, printa ya Denisi ina wino wa kubahatisha.

[18:05] Swaleh: Wa aleikum salaam. Ile ya Bibi andika hivi: "Bibi akiwasili Jinja kutoka Mombasa, 1956. Aliletwa na Babu, fundi wa reli."

[18:06] Rehema: Sawa kaka. Naiweka hapa wote waione.

[18:06] Rehema: 📷 Picha

[18:09] Mama Shamimu: Mashallah, Bibi alikuwa mrembo! Na huyo mwenzake aliyeshika kikapu ni nani?

[18:10] Swaleh: Hatumjui. Jirani labda.

[18:11] Denisi: Samahani kutoka nje ya mada. Jana nimepokea picha imepigwa plastiki ya moto kule studioni, haitoki tena. Jamani msilaminishe! Na nyuma msiandike kwa kalamu ya wino, inapenya mpaka mbele. Penseli laini, basi.

[18:12] Mama Shamimu: Tumesikia mwalimu 😂

[18:20] Haji Bakari: Swaleh mwanangu, huo mwaka si wenyewe.

[18:21] Swaleh: Kwa nini Haji? 1956 ndiyo Babu alihamishiwa huku. Reli ya Kasese ilimalizika mwaka huo huo, alikuwa akitusimulia kila Idi.

[18:24] Haji Bakari: Babu yako sina neno naye. Natazama maji. Nyuma ya hao wanawake ni maporomoko ya Ripon ya mto Nile. 1956 maporomoko hayo hayapo. Bwawa la Owen Falls, hili mnaloita Nalubaale, Malkia Elizabeth alilifungua Aprili 1954, na mto ukapanda ukayafunika. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 11, tulisimamishwa juani na vibendera, nikazimia. Siwezi kusahau mwaka niliozimia.

[18:25] Mama Shamimu: Pole Haji 😂😂

[18:27] Swaleh: Labda ni Bujagali. Kule nako kulikuwa na maji ya kuporomoka mpaka juzi juzi, 2011, ndipo bwawa lao likayameza.

[18:30] Haji Bakari: Bujagali iko kilomita kadhaa chini ya mto. Tazama pembe ya juu kushoto. Unaona nini?

[18:31] Swaleh: Kivuli.

[18:33] Denisi: Si kivuli. Niliiskani kwa doti 1,200 kwa inchi, nikivuta naona vyuma vya mshazari. Hilo ni daraja la reli.

[18:33] Denisi: 📷 Picha

[18:35] Haji Bakari: Ahsante kijana. Daraja la reli lilifunguliwa 1931 treni ziende Kampala. Bujagali halijapata kuwapo daraja la reli. Nimekuwa gadi wa treni miaka 27, nimelivuka hilo usingizini na macho.

[18:37] Rehema: Kwa hiyo picha ni baada ya 1931 na kabla ya 1954?

[18:37] Haji Bakari: Ndivyo.

[18:41] Mama Shamimu: Na mimi nina langu. Bibi amevaa gomesi, vazi letu la wanawake wa Uganda. Limefungwa vizuri, mkanda uko mahali pake, mabega yamesimama. Mwanamke aliyeshuka kwenye treni jana kutoka Mombasa atafunga gomesi hivyo? Mimi niliyezaliwa hapa bado nafungwa na dada yangu.

[18:42] Rehema: 🙆🏾‍♀️

[18:44] Swaleh: Subirini kidogo. Kama picha ni kabla ya 1954 na Babu alikuja 1956, Bibi alikuwa hapa na nani?

[18:52] Swaleh: Shangazi upo? Naona umesoma.

[19:15] Hajati Mwanaidi: Nilikuwa naswali.

[19:21] Hajati Mwanaidi: Mama hakuletwa na mtu. Mama alizaliwa Namasagali. Baba yake alikuwa kuli wa bandari, anapakua pamba kwenye stima za ziwa Kyoga na kuipandisha kwenye treni ya kuja Jinja. Lugha yake ya kwanza ni Kisoga. Kiswahili alikiokota kwenye nyumba za reli, na alikiokota vizuri kuliko ninyi. Watu walipomsikia wakasema huyu wa pwani, naye akawaacha waseme.

[19:23] Hajati Mwanaidi: Aliyeletwa ni baba yangu. Alikuja na sanduku moja, hana hata sufuria. Akamkuta Mama ana chumba, ana cherehani na baiskeli ya Raleigh. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, wenzake wengi wa reli walirudi Kenya. Yeye angerudi wapi, nyumba ya nani?

[19:24] Mama Shamimu: Weeee! 🔥

[19:26] Swaleh: Shangazi, mimi ndiye niliyesoma wasifu wake siku ya mazishi. Nilisema "aliletwa" mara mbili. Ulikuwa umekaa mkeka wa mbele!

[19:27] Hajati Mwanaidi: Mazishini ningekusahihisha na watu wanalia?

[19:28] Swaleh: 🙈

[19:33] Rehema: Nabadilisha basi. "Bibi (kulia) kwenye maporomoko ya Ripon, kabla ya 1954. Alizaliwa Namasagali." Swaleh, familia inakubali?

[19:36] Swaleh: Inakubali. Ongeza cherehani.

[19:37] Denisi: Na baiskeli.

[19:40] Rehema: Hajati, kwa ruhusa yako, Denisi aje kesho akurekodi? Sauti itabaki yako, usipotaka isikike hadharani haisikiki. Hapa Jinja tuna nyumba za Main Street zenye mwaka zilipojengwa umeandikwa juu kabisa, hata Wahindi waliofukuzwa 1972, wakapewa siku 90 waondoke, wameacha maandishi pale. Hizi zetu za Walukuba hazina kitu ukutani.

[19:44] Hajati Mwanaidi: Aje baada ya alasiri. Simu iwe na chaji, si kama safari ile imezimika nikiwa ndiyo kwanza naanza. Na asije na maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi, nitazungumza ninavyojua mimi.

[19:45] Denisi: Nakuja na betri ya akiba Hajati. Na sukari.

[19:46] Mama Shamimu: Hajati kabla hujalala, huyo wa kikapu je?

[19:49] Hajati Mwanaidi: Huyo siwezi kumtaja humu. Mjukuu wake yumo kwenye kikundi na ana maneno mengi.

[19:50] Mama Shamimu: Nani huyo?

[19:52] Haji Bakari: 😄

[19:52] Mama Shamimu: Haji unacheka nini?

[19:53] Mama Shamimu: Ngojeni. MIMI?