Mrejesho: Ile saa ya Tudor yenye "M.N. 77" mgongoni

Wakuu, niliuliza kama saa ya kupigia mbizi, Tudor Submariner 9401 ya buluu niliyoonyeshwa na muuzaji, iliyochongwa "M.N. 77" mgongoni (yaani Marine Nationale, mwaka 1977), kweli ilitoka kwa wapiga mbizi wa Jeshi la Majini la Ufaransa. Asanteni sana kwa majibu, yamenisaidia.

Fundi ameifungua mbele yangu. Mashine ni ya ETA, kampuni ya Uswisi ya mashine za saa, ndivyo inavyotakiwa. Tukazima taa na kuimulika kwa tochi ya urujuanimno. Alama za usoni zilizimika mara tu tochi ilipoondolewa, kama tritiamu (rangi ya mionzi ya kung'aa gizani) ya miaka ya 1970 inavyofanya, maana nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Lakini mshale wa saa, ule wenye kichwa cha mraba, uliendelea kung'aa. Umepakwa upya. Hilo halinisumbui hata kidogo. Saa ya kazi hutengenezwa, na ninaipenda zaidi kuliko iliyolala sandukuni.

Kinachonisumbua ni ule mchongo. Ukipitisha kidole, kingo za herufi bado ni kali, ilhali mikwaruzo ya pembeni imelainika kwa kuvaliwa. Kwenye lenzi tukaona mkwaruzo mmoja mrefu umekatwa katikati na herufi N, yaani mkwaruzo ulitangulia, herufi zikafuata. Na muuzaji hana karatasi yoyote ya jeshi.

Nimemwambia nitaichukua kwa bei ya 9401 ya kiraia, ya kijeshi hapana. Bado anafikiria.